Mtoto Hangoji Ubeti wa Saba

Kila asubuhi, kabla mafundi wa jua kali hawajaanza kugonga mabati, akina mama wa Laini Saba, mtaa wa Kibera, hupita kwa Nduku kuacha watoto. Mmoja anakimbilia kibarua cha kufua nguo. Mwingine anawahi gari la Kawangware. Wanamkabidhi mtoto na chupa ya uji. Wanasema, "Sasa Mama Kevin, tuonane jioni," na hao wameshaenda.

Nduku alitoka Machakos miaka mingi iliyopita. Mumewe, Kimanzi, huchomelea milango na madirisha karibu na reli. Nduku mwenyewe hulea watoto katika chumba kimoja cha mabati, na watu wote hukiita deikea. Ni chumba kidogo lakini kisafi. Anafanya kazi na mwenzake, Kasyoka, mama mpole asiye na maneno mengi.

Mwaka mmoja walezi wa Kibera na Kawangware waliitwa kusomea huduma ya kwanza. Masomo yalifanyika katika ukumbi wa kanisa kule Kongo, Kawangware. Mwalimu alikuwa muuguzi aitwaye Amolo. Aliwafundisha mambo saba: mtoto akiungua, akijikata, akitokwa na damu puani, akimeza sumu, akianguka, akishikwa na degedege, na mwisho, akikwamwa na chakula kooni.

Sasa, Nduku ni mtu wa kwaya. Kanisani kwao kila kitu hufundishwa kwa pambio. Vitabu vya Biblia wanaviimba. Majina ya mitume wanayaimba. Akawaza, na huduma ya kwanza je? Akachukua sauti ya pambio moja tamu, akaitilia beti saba, ubeti mmoja kwa kila jambo. Walezi wakaishika siku hiyo hiyo. Siku ya kufunga masomo waliiimba wakicheza, na wageni wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Hata Amolo alipiga makofi.

Tangu hapo Nduku aliuimba wimbo huo akifua, akipika, akichambua mchele. Aliujua vizuri kuliko jina la baba mkwe wake. Kasyoka ndiye aliyeshindwa. Wenzake wakifika ubeti wa tano, yeye yuko wa tatu, anatafuta maneno.

"Wewe Kasyoka, hicho kichwa chako kiko na matundu," Nduku alikuwa akimtania.

Kasyoka alicheka tu, akaendelea na kazi.

Basi siku moja, saa nne asubuhi, Kasyoka alikuwa nje akianika nepi. Nduku alikuwa ndani akimbadilisha mtoto mchanga. Alipoinua macho, alimwona Brandon amesimama katikati ya chumba.

Brandon alikuwa na miaka miwili. Mama yake, Eddah, hukaanga samaki kule Kongo. Mtoto huyo kwa kawaida hana dakika ya kunyamaza. Sasa alikuwa kimya kabisa. Hakulia. Hakukohoa. Mdomo ulikuwa wazi na mikono yote miwili imeshika shingo. Chini miguuni pake kulikuwa na nusu ya smoki, ile soseji ya kuuzwa barabarani. Mtoto mwenzake alikuja nayo mfukoni wakagawana.

Nduku alijua papo hapo. Chakula kimemkwama kooni. Hilo alilijua bila kuulizwa na mtu. Akamwendea mbio, akapiga magoti mbele yake, akafungua mdomo ili jibu litoke.

Kilichotoka ni hiki: "Akiungua mwagia maji, maji safi ya baridi."

Nduku alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Akajaribu kuruka mpaka ubeti wa mwisho. Haukuja. Alijua uko, aliuhisi ulimini, lakini hakuona pa kuushikia. Akaanza tena kutoka mwanzo, mbio mbio, akiimba huku machozi yanamtoka. Akiungua. Akijikata. Damu puani. Midomo ya Brandon ilikuwa inageuka rangi. Nduku alikuwa amefika kwenye sumu.

Msimcheke. Mwanamke huyu alikuwa akimpenda yule mtoto, na alikuwa akifanya kile kichwa chake kilichokizoea.

Kasyoka aliingia na beseni mkononi. Alilitupa. Hakuuliza kitu. Alimshika Brandon, akamwinamisha mbele, akampiga kati ya mabega kwa kiganja, sehemu ile ngumu ya chini. Alimpiga mara tano, kwa nguvu. Akatazama mdomoni. Bado.

"Mpeni maji," jirani mmoja alisema mlangoni. "Ama ingiza kidole uitoe."

"Hapana maji. Hapana kidole," Kasyoka alisema. "Kidole kitaisukuma ndani zaidi."

Akapiga magoti nyuma ya mtoto, akamzungushia mikono. Akaweka ngumi juu kidogo ya kitovu, akavuta kwa ndani na kwa juu. Akavuta tena. Kipande cha smoki kikaruka, kikagonga ukuta wa bati. Brandon akavuta pumzi, halafu akalia. Kilio hicho kilisikika mpaka relini.

Nduku alikuwa bado amepiga magoti. Alimtazama Kasyoka kama mtu asiyemjua.

Walimpeleka Brandon kliniki akaangaliwe, maana mtoto aliyebonyezwa tumbo hivyo lazima aonwe na daktari. Alikuwa salama. Eddah alikuja kutoka Kawangware akinuka mafuta ya samaki, leso imemwanguka begani. Nduku hakumficha chochote. Alimweleza yote kama yalivyokuwa.

Eddah alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Kwani wewe ulikuwa unaimba?"

Nduku akatikisa kichwa kukubali.

"Mtoto wangu anakufa, Mama Kevin. Wewe unaimba?"

Alimbeba Brandon mgongoni akaenda zake. Siku iliyofuata hakumleta. Wala siku ya pili. Habari zilizunguka Laini Saba zikafika mpaka mtaa wa jirani wa Kambi Muru, na akina mama wengine wawili wakahamisha watoto wao. Huwezi kuwalaumu.

Jioni moja Nduku alimwambia Kimanzi, "Mimi nafunga deikea."

"Lakini huo wimbo si unaujua?" Kimanzi aliuliza. "Hata ukiwa usingizini unaujua."

"Naujua, Baba Kevin. Hiyo ndiyo inanitisha. Ningekuwa siujui, ningeelewa."

Kimanzi alimwambia aende kwa yule mwalimu akamuulize, kabla hajafunga chochote.

Jumamosi Nduku na Kasyoka walikwenda Kongo. Njia ya kwenda kanisani hupita karibu na kibanda cha Eddah. Nduku alitaka kupita haraka asionekane. Lakini aligeuza shingo, na alichokiona kilimfanya asimame.

Eddah alikuwa akigeuza samaki kwenye mafuta yanayochemka. Brandon alikuwa nyuma ya kibanda. Alikuwa amefungwa leso kiunoni, na ncha ya leso imefungwa kwenye mguu wa meza. Alivuta, akafika mwisho wa leso, akaketi vumbini. Eddah alimfunga hivyo asifikie mafuta. Angefanya nini? Hakuwa na mtu tena wa kumwachia.

"Kasyoka," Nduku alinong'ona, "hii ni mimi nimeifanya."

Kasyoka alimshika mkono wakaenda.

Amolo aliwapokea ukumbini. Alisikiliza habari yote, kisha akasema, "Nduku, herufi gani iko kabla ya R?"

Nduku alishangaa. Swali gani hili? Lakini midomo yake ilianza yenyewe, chini kwa chini, "L, M, N, O, P, Q." Kisha akasema kwa sauti, "Ni Q."

"Umeanzia wapi?"

"L."

"Herufi unazijua tangu utotoni, na bado umeanzia mbali. Kwa nini?"

Nduku aliinua mabega.

"Kwa sababu ulizimeza kwa mpangilio. Kila moja inaivuta inayofuata. Ukitaka ya katikati, lazima uanzie nyuma. Kwa herufi si neno. Kwa mtoto asiyepumua, muda huo huna." Amolo alivuta kiti akaketi. "Na mimi nina makosa. Nilisikia mkiimba vizuri nikadhani mmeelewa. Nilipaswa kuwauliza mmoja mmoja, bila wimbo, bila mpangilio."

"Lakini Madam, nilirudia kila siku."

"Ulirudia kuimba. Ubongo hujifunza kile unachoufanyisha. Hukuwahi kuufanyisha kazi ya kutafuta jibu ghafla. Ukirudia kitu sana mdomoni, ama ukikisoma mara nyingi kwa macho, kinakuwa rahisi. Ule urahisi unakudanganya. Unadhani umejua, kumbe umezoea."

Nduku alikuwa na miaka thelathini na kitu, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo hilo. Alifikiria mitihani yake yote ya shule. Alifikiria jinsi alivyokuwa akikesha akisoma kitabu, asubuhi kinamtoka chote. Alikuwa amejiita mjinga maisha yake yote.

"Sasa muulize mwenzako alifanyaje," Amolo alisema.

Nduku alimgeukia Kasyoka. Kasyoka aliona haya.

"Mimi wimbo ulinishinda, si unajua," alisema. "Kwa hivyo nilimwambia msichana wangu, Nzilani, awe ananiuliza. Nikiwa napika, ananiuliza ghafla, mama, mtoto amekwamwa, unafanya nini? Namshika yeye, namwonyesha mahali pa kupiga, bila kumpiga kweli. Nilikosea sana. Ananicheka, ananirekebisha. Kesho yake ananiuliza kingine. Halafu baada ya siku chache anarudia kile nilichokosea."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniambia kichwa kina matundu."

Nduku alitaka ardhi ipasuke immeze. Wakati yeye anaringa na wimbo, huyu mama alikuwa akikosea jikoni kwake kila jioni, na kule kukosea ndiko kulikomwokoa mtoto wa watu.

"Unaona?" Amolo alisema. "Kila mara Kasyoka alipotafuta jibu bila kuonyeshwa, njia ya kulifikia ilizidi kufunguka. Alipokosea akarekebishwa, ilifunguka zaidi. Na hakufanya yote siku moja. Aliacha siku zipite, akasahau kidogo, akatafuta tena."

"Kusahau ni kuzuri?" Nduku aliuliza.

"Kusahau kidogo kisha ukatafuta mwenyewe ndiyo mazoezi. Ukirudia jambo ambalo bado liko mdomoni, hujabeba mzigo wowote. Na tafadhali, usikeshe. Mtu akilala, ubongo unaendelea kupanga yale aliyojifunza mchana. Soma kidogo, lala, kesho jiulize."

"Na wimbo niutupe?"

"Ubaki nao. Ni mzuri kukukumbusha kuna mambo mangapi. Lakini kila ubeti lazima uwe na mlango wake. Mlango ni kile utakachokiona siku yenyewe. Mtoto ameshika shingo, haongei. Mtoto amekakamaa. Ukiona hivyo, mikono ianze."

Nduku alirudi Laini Saba na swali moja tu la kumwuliza mumewe: kama atakubali kuwa mgonjwa.

Kimanzi alikubali, na aliifanya kazi hiyo kwa furaha kupita kiasi. Alikuwa akitoka kazini, kabla hata hajavua viatu, anaanguka mlangoni. "Mama Kevin, natokwa na damu puani."

Mara ya kwanza Nduku aliacha chapati ikaungua. Alimshika Kimanzi, akamwinua kichwa nyuma.

"Hivyo ndivyo?" Kimanzi aliuliza akitazama dari.

Nduku alisita. Akafikiria. "Hapana. Ukiangalia juu damu itaingia kooni. Inama mbele. Nikubane pua hapa chini, penye ulaini, dakika kumi. Pumua kwa mdomo."

"Nilikuwa nimekufa tayari," Kimanzi alisema.

Nduku alikosea degedege. Alikosea sumu: alitaka kumtapisha mtoto aliyekunywa mafuta taa, na hilo halifanywi, anakimbizwa hospitali na chupa yenyewe. Kila kosa lilimchoma. Juma moja alikuwa na kazi nyingi akaacha kujiuliza, na alipojaribu tena, nusu ilikuwa imemtoka. Aliogopa sana akampigia Amolo simu.

"Madam, imepotea."

"Haijapotea. Jaribu kuitafuta kabla hujaangalia popote."

Nduku alijaribu. Ikaja moja. Ikaja ya pili kwa shida. Iliyobaki aliangalia kwenye karatasi za somo, akazifunika, akajiuliza tena kesho. Yeye na Kasyoka wakaanza kuulizana deikea watoto wakilala, wakichanganya, leo kuungua, kesho kuanguka, wakimtumia mwanasesere wa matambara. Wimbo hawakuuimba.

Na kila Jumamosi Nduku alikwenda Kongo kwa Amolo. Kila Jumamosi alipita kibanda cha Eddah, akasalimia, na Eddah akageuza samaki wake bila kuitikia.

Jumamosi moja mchana, kabla hajakifikia kibanda, Nduku alisikia kelele. Watu walikuwa wamejazana. Akapenya.

Brandon alikuwa chini. Mwili wake ulikuwa umekakamaa, mikono na miguu inaruka, macho yamegeuka meupe. Alikuwa na joto tangu asubuhi, na Eddah alimfunika blanketi nzito. Sasa Eddah alikuwa amepiga magoti, kijiko mkononi, akijaribu kufungua meno ya mtoto. Hivyo ndivyo alivyoona nyanya yake akifanya. Mtu mmoja alikuwa amemkandamiza miguu. Sufuria ya mafuta ilikuwa inachemka karibu nao.

"Mama Brandon, kijiko hapana," Nduku alisema.

Eddah aliinua uso. Alipoona ni nani, uso ulibadilika. "Wewe tena?"

"Kitamvunja meno. Kitamkwama. Kitoe."

Nduku alijisikia akisema maneno hayo. Alingoja akili yake imkimbie kama siku ile. Kumbe mikono ilikuwa imeshatangulia. Ilikuwa imeondoa blanketi. Ilikuwa inamlaza Brandon ubavu, taratibu, ili mate yatoke. Ilikuwa imeweka leso chini ya kichwa chake.

"Mwacheni miguu, msimkandamize. Sogezeni mafuta. Okello, angalia saa, unihesabie dakika." Okello, muuza viatu wa kibanda cha pili, alitoa simu akaangalia.

Eddah alishika kijiko hewani. Kwa muda mfupi hakuna aliyejua atafanya nini. Kisha akakiweka chini.

"Hii itaisha," Nduku alimwambia. "Shika kichwa chake kisigonge. Usimpe kitu mdomoni."

Ikaisha. Okello alisema, "Dakika mbili." Mwili wa Brandon ulilegea, akapumua kwa kukoroma, kisha vizuri. Hawakungoja. Walimkimbiza kliniki.

Daktari aliuliza mtoto alitetemeka kwa muda gani, akajibiwa. Aliuliza kama kuna kitu kilitiwa mdomoni, akaambiwa hapana. Akamchunguza, akasema homa ilitoka kwenye sikio lenye usaha ndani. "Mmefanya vizuri," alisema. "Na ingepita dakika tano, mngekuja bila hata kungoja iishe."

Eddah na Nduku waliketi kwenye benchi nje. Brandon alikuwa amelala kifuani mwa mama yake.

"Kile kijiko ningekiingiza," alisema. "Ningemwumiza mtoto wangu mwenyewe."

Alimvuta Brandon karibu zaidi.

"Nifundishe, Mama Kevin."

Ingekuwa zamani, Nduku angeanza kusema yote mpaka mwisho. Badala yake alimgeukia. "Mtoto amekakamaa. Macho yamegeuka. Uko naye peke yako. Unafanya nini?"

"Si umefanya mbele yangu sasa hivi?"

"Ulikuwa unanitazama mimi. Sasa fanya wewe."

Eddah alifungua mdomo. Akaufunga. Alitazama ukuta, akatazama mikono yake. Lilikuwa limetokea mbele ya macho yake, saa moja tu iliyopita, kwa mtoto aliyemzaa, na jibu halikuja.

"Nimesahau," alisema, na hofu ilimjaa machoni. "Mama Kevin, nimesahau kweli."

"Huyo mtoto aliyekakamaa si mwingine. Ni Brandon. Tafuta. Sina haraka."

Eddah alitafuta kwa muda mrefu. "Namlaza ubavu," alisema mwishowe.

"Halafu?"

Waliketi pale mpaka dawa zikatolewa. Eddah alipata matatu, akakosa mawili, akarekebishwa.

Jumatatu asubuhi alifika Laini Saba na Brandon. Akina mama watatu walikuwa mlangoni wakiacha watoto. Nduku alinyoosha mikono ampokee mtoto, lakini Eddah hakumtoa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Uniulize."

Nduku akamwuliza, hapo hapo mlangoni. Eddah alijibu yote. Wale akina mama wengine hawakuondoka. Mmoja aliweka mkoba wake chini, akasogea karibu, akasema, "Na mimi pia niulize."